Mlango wa Mama Mbuke

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Tumefika Usangu, sisi vijana wa kujitolea kutoka Mbeya. Tunamjengea Mama Mbuke, mjane aliyehamia hapa na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Nyumba yake iliangushwa na mvua. Analala na watoto kwenye kibanda cha nyasi. Nimemhurumia sana. Siku ya kukabidhi nyumba, mgeni rasmi atateua kiongozi wetu. Lazima niwe mimi. Lutengano wa mtaa wa Soweto, kule kwetu Mbeya, naye anautaka uongozi. Anaimba akikanyaga udongo, ili aonekane mchapakazi.

Jumanne, 5 Agosti
Mama Mbuke anataka mlango uelekee zizini. Fisi walimlia ndama, na asipowaona ng'ombe wake hapati usingizi. Kisha akaenda kumuuguza dada yake. Lakini zizi liko nyuma, barabara iko mbele! Mgeni rasmi aone ukuta mtupu? Wenzangu walipokuwa wanakula ugali na maziwa, nilihamisha vigingi vya mlango. Maziwa nimeyakosa.

Alhamisi, 14 Agosti
Kuta zimesimama. Mama Mbuke amerudi, akautazama mlango, akajifuta machozi kwa khanga. Nikamweleza kwamba huo ndio utaalamu wa kisasa. Lutengano akasema tunaweza kubomoa na kuugeuza. Nikasema haiwezekani. Roho iliniuma hadi maziwa yalipoletwa.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimeandika pembeni mwa mlango, kwa chokaa: KAZI YA SEDEKIA. Inasomeka toka barabarani. Mama Mbuke na majirani wanakata miiba. Sikuuliza ya nini.

Jumapili, 17 Agosti
Balaa. Zizi limehama! Sasa liko mbele ya mlango, limejaa ng'ombe. Mama Mbuke kakaa kizingitini, anawatazama, anacheka. Mgeni rasmi alipita katikati yao na viatu vyeupe. Dume moja likalamba chokaa hadi jina langu likaisha. Mgeni akauliza ni nani aliyeuelekeza mlango huku. Lutengano, ambaye hajawahi kunisifia, akanitaja mara moja. Uongozi kapewa yeye. Mimi nimepewa maji na kitambaa, nisafishe viatu.

Jumatatu, 18 Agosti
Tunaanza nyumba ya mzee Bujiku. Anataka mlango uelekee mizinga yake ya nyuki, nyuma ya kiwanja. Barabara iko mbele. Nimetafakari sana yaliyonipata. Kosa lilikuwa ng'ombe. Nyuki hawana zizi.

Kesho wenzangu wakianza kula, nahamisha vigingi.