Siku Nilipofuata Soda

Jumatatu, 6 Mei

Hatimaye! Mtangazaji wa redio amepiga simu. Jumapili watarusha kipindi kizima kuhusu bendi yetu ya roki: nani alitunga nini, na ule wimbo wetu mmoja tuliurekodi vipi. Ndiyo, mmoja. Kuna wenye bendi hawana hata huo.

Wanatutaka sote watatu redioni Ijumaa, turekodi. Jogoo, mwimbaji, ambaye siku hizi ana kitambi na bado anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Kimya, mpiga dramu, ambaye jina linajieleza. Na mimi, gitaa la besi. Nikauliza wenzangu wamesema nini juu yangu. Mtangazaji akajikohoza. Eti Jogoo anadai aliutunga wimbo palepale studio, mchana mmoja, na mimi sikuwepo, nilikuwa nimetumwa soda.

Soda! Ujana wangu wote nimeumalizia kwenye besi, halafu nikumbukwe kwa soda!

Nilitoka kidogo tu. Na mke wangu nilimpata kwa wimbo huu. Nilimwambia niliutunga kwa ajili yake. Ameishi nao miaka yote. Jumapili atakaa kwenye kochi aisikilize redio hiyo, nami nitauficha wapi uso wangu? Naogopa. Naandika hivyo kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata mpango! Kaseti ya zamani: mimi peke yangu, besi yangu na sauti yangu, nikiuimba wimbo ule kabla hatujakanyaga studio. Kaseti hiyo haipo. Si kitu, nitaitengeneza.

Kaseti kuukuu humu ndani ni mbili tu, zote hotuba za harusi yetu. Moja ni wajomba zangu wakisema uongo kuhusu tabia yangu. Nyingine ni marehemu baba mkwe akitumwagia baraka. Hiyo mke wangu huisikiliza akiwa na huzuni. Nimechukua ya wajomba, nirekodi juu yake. Lebo nikailoweka kwenye chai mpaka ikazeeka. Kisha nikavaa spika za masikioni, nikaufuata wimbo wetu neno kwa neno, na ule mwendo wake mzito, wa polepole, kama watu wanaotoka mazikoni. Mwendo huo ndio uliowaliza watu.

Mke wangu akachungulia, akauliza kulikoni. Nikasema mazoezi. Akasema haya, mazoezi mema, akaondoka anacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwenda kwa Kimya kutafuta shahidi. Siku hizi anatengeneza majokofu. Nikamweleza kwamba anakumbuka vizuri jinsi nilivyowafundisha wimbo ule. Akaniangalia, akarudi kwenye jokofu lake. Kunyamaza ni kukubali, kwa hiyo amekubali.

Jogoo, nasikia, ameshona koti jipya la kwendea redioni. Kwenye redio! Nani ataliona?

Ijumaa, 10 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Leo tulikuwa redioni, sote watatu. Mwanzo ulikuwa mtamu. Nikaitoa kaseti kwenye bahasha kama mtoto mchanga. Mtangazaji akainusa (chai!), akasema ni hazina. Jogoo akavua miwani, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Wimbo ukaanza. Nikafumba macho.

Kimya akafungua mdomo. Miaka yote hiyo, akachagua leo!

Akasema hii kaseti haiwezi kuwa ya kabla ya studio. Siku ile wao waliupiga wimbo mbio, wa kuchezeka, watu watoke jasho. Mashine ya studio ilikuwa mbovu. Walipourudia kuusikiliza ulitoka umepooza, wa polepole, sauti imeshuka. Mwenye studio akakataa kurudia kazi, ukatoka hivyohivyo, na huo ubovu ndio watu walioupenda. Halafu akaniuliza taratibu: kama niliutunga kabla, nilijuaje kwamba mashine itauharibu hivyo?

Sikujua! Hakuna aliyewahi kuniambia. Mimi nilifika jioni, nikaukuta umesharekodiwa, nikauwekea besi jinsi nilivyousikia. Kumbe katika bendi nzima ni mtu mmoja tu asiyejua wimbo ulizaliwaje, na ndiye aliyejitia kuwa baba wa wimbo.

Jogoo akacheka mpaka akashika meza. Akasema "pole, mzee mwenzangu," na hiyo pole ndiyo iliyoniuma kuliko kicheko.

Jumapili, 12 Mei

Kipindi kimerushwa. Nilijaribu kuchomoa waya wa redio, mke wangu akauchomeka. Nimetajwa mara moja. Soda.

Nikangoja anigeuke. Akasema tu kwamba alikuwa akijua siku zote. Akaniuliza: nani aliniuzia soda zile? Hilo sikuliandika Jumatatu kwa sababu halikuhusu, lakini ni kweli, yeye ndiye alikuwa msichana wa duka. Akasema nilisimama kaunta mchana kutwa na chupa nne mpaka zikawa za moto. Wimbo ulikuwa ukisikika kutoka studio ng'ambo ya barabara, mbio kwelikweli, mimi nimeupa mgongo, namweleza kwamba ninatunga nyimbo. Mwezi uliofuata nikamletea uongo kwamba niliutunga kwa ajili yake. Hakunisuta. Akasema wanaotungiwa nyimbo ni wengi, lakini yeye peke yake ndiye ambaye mtu alikosa wimbo kwa ajili yake, na hilo lilimtosha.

Macho yalikuwa yamemlowa. Akanishika mkono. Hajanishika hivyo siku nyingi.

Nikaruka! Kumbe aliusikia ule wa mbio! Nikamsihi anipigie mapigo yake pale mezani, kwa vidole tu, nijue ulikwenda kasi kiasi gani. Akauachia mkono wangu, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Hasira za wanawake! Zitapita.

Kimya mwenyewe kaniambia nilipokosea: mwendo. Kaseti ya pili itakwenda mbio, na hapo atasema nini? Bahati nzuri kaseti kuukuu imebaki moja. Nimeshaitia lebo yake kwenye chai. Namsikia baba mkwe kwa dakika moja, kuhakikisha utepe ni mzima, kisha nibonyeze kurekodi.