Mkuu Mtarajiwa wa Kamera ya Gama

Jumatatu, 4 Machi

Kamera ya gama imefika! Kitengo chetu cha kukagua vyuma chakavu sasa kina hadhi. Miaka yote tumezunguka malori na vile vijimashine vya kulialia: vinakwambia mionzi ipo, lakini iko wapi, utajua mwenyewe. Kamera hii inapiga picha ya ua mzima, kisha inatia doa jekundu palepale mionzi inapotoka. Mkurugenzi ametangaza kwamba bodi itakuja Alhamisi kuiona, na atakayewapendeza ndiye atakuwa mkuu wa kamera. Ofisi yake peke yake! Kiti cha kuzunguka! Mke wangu nimeshamwambia. Mama mkwe pia. Nimewaambia nimeshapata.

Mpinzani ni mmoja tu, Bi Miwani wa meza ya pili. Amebeba kitabu cha maelekezo kwenda kukisoma nyumbani. Kujipendekeza huko.

Jumanne, 5 Machi

Nimeijaribu kamera uani. Hamna kitu. Ua wetu safi, hata doa la njano halionekani. Sasa bodi itaonyeshwa nini, usafi? Bi Miwani anasema ataeleza kwa michoro. Michoro! Wazee wa watu watasinzia.

Mimi nina akili. Stoo kuna kidude cha majaribio, kidogo kama kifungo cha koti, chenye mionzi hafifu ya kupimia mashine. Nitakificha kwenye pipa la vyuma, kisha nitakigundua mbele ya bodi. Shujaa nani? Mimi.

Jumatano, 6 Machi

Kidude kiko pipani. Mkurugenzi hakuonekana kutwa. Karani wake anasema yuko kwenye kikao cha nje. Afadhali. Bi Miwani aliniuliza mbona napiga mluzi. Nikamjibu ni raha ya moyo safi.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Balaa tupu!

Bodi ilikaa uani, mwenyekiti mbele, Mkurugenzi kasimama kando ya pipa na koti lake na tai. Nikaelekeza kamera pipani. Doa likatokea, jekundu kama nyanya, lakini si pipani. Kifuani kwa Mkurugenzi!

Nikang'amua papo hapo. Bi Miwani kakitoa kidude changu, kamtilia Mkurugenzi mfukoni ili aniharibie. Nikapaza sauti mtu asisogee, na Mkurugenzi avue koti. Akavua, akichekacheka. Nikapiga tena. Doa lilelile! Nikamwambia avue na shati. Hapo kicheko kikakatika. Nikamkumbusha, bodi ikisikia, kwamba usalama hauna mkubwa. Akavua. Akabaki na fulana, nayo ina tundu. Doa limeganda palepale.

Bi Miwani akasogea, akatazama grafu ya aina ya mionzi pembeni mwa skrini, akaninong'oneza niache. Anasema mionzi ile si ya kidude chetu, ni ya dawa wanayochomwa watu hospitalini wakipigwa picha ya moyo, na haikai sana mwilini. Kunong'ona kwa nini? Mimi si mtu wa siri. Nikawatangazia wote!

Mwenyekiti akamuuliza Mkurugenzi moyo unamsumbua tangu lini, na hicho kikao cha jana kilifanyika wodi gani. Kumbe mwenzangu anaomba mkataba mwingine, na amewaapia bodi kwamba ana afya ya chuma!

Akaondoka na shati mkononi. Bi Miwani akapiga picha nyingine, na sasa, mionzi mikali ya Mkurugenzi haipo tena kulifunika, doa dogo likaonekana pipani. Akachakura, akatoa kidude, akauliza nani kakiweka humo. Nikapiga chafya. Haikusaidia.

Ijumaa, 8 Machi

Bi Miwani ndiye mkuu wa kamera. Nimepita dirishani, nikamwona anazunguka na kiti. Mimi nimepelekwa langoni kupima uzito wa malori, jua la utosi. Mkurugenzi, ambaye mkataba wake bodi bado inautafakari, alinipa habari hizo akiutazama ukuta.

Nyumbani nimesema nimeombwa kusimamia lango zima. Mama mkwe akauliza lango lina kiti gani. Roho imeniuma jamani, nimejifungia chooni mpaka chakula kikapoa. Nilipotoka mke wangu akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima gani tena? Mimi nimetumia pipa.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona: niliacha mionzi ikae kwa mtu mwingine. Wiki ijayo bodi inarudi, na Bi Miwani ndiye atakayeshika kamera. Haya, na mimi niwe nimesimama nyuma yao, nimeshachomwa ile dawa! Akielekeza kamera huku, doa liko kule. Akienda kule, nimeshahamia huku. Ataumbuka mbele ya wakubwa, na kiti kile ni changu. Kilichobaki ni daktari kuniandikia kipimo cha moyo tu.

Tangu asubuhi niko mbele ya kioo, najifunza kushika kifua na kuguna kwa maumivu. Mke wangu amechungulia, akasema moyo hauko huko, uko kushoto. Nimemwambia asinifundishe kazi.