Mkono wa Watu Sitini

Habari iliyowaamsha watu wa Kasongo Jumamosi ile haikuwa ya pembe za ndovu, wala ya vita vya ng'ambo ya Lualaba. Ilikuwa habari ya wali. Hemedi, yule waliyempa jina la Ngumi kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kiganja chake kimefunguka, jana baada ya sala ya Ijumaa alikuwa amelisha msikiti mzima.

"Musikiti muzima!" alipaza Ramazani kwenye baraza la kahawa la Amuri. Huyu walimwita Kishindo, maana hata salamu zake zilishtua kuku. "Sinia kumi na tano! Wali mweupe, mbuzi wawili, majani ya sombe yamelala ndani ya mafuta ya mawese, samaki kichwa iko huku, mukia iko kule! Mi nimekula mpaka mukanda ukaniomba ruhusa."

"Zilikuwa sinia kumi na tatu," alisema Kassimu. Huyu jina lake Shahidi, kwa sababu hakuna jambo lililowahi kutokea duniani yeye asiwepo. "Nilikuwa pale. Nilihesabu."

"Ulihesabu na mudomo umejaa?"

"Mudomo unatafuna, macho yanahesabu. Kila mutu na kazi yake."

Amuri alimimina kahawa bila kucheka. Macho yake yalikuwa kwa shemeji yake Faradji, aliyekaa mwisho wa benchi akikuna goti. Aliyepika wali ule ni Faradji. Na mchana huu, ngoma ya msafara wa Kabambare ikilia, mnyapara angekuja kumchukua awapikie wapagazi hadi Ujiji, kama hajapata kazi mjini.

Hilo lilimnyima Amuri usingizi kwa sababu moja tu. Faradji akisafiri, mkewe Aziza hurudi kwa kaka yake. Safari iliyopita alikaa miezi minane, na kila asubuhi ya miezi ile aliionja kahawa ya Amuri na kusema, mbele ya wateja, kwamba amewahi kunawa kwa maji matamu kuliko hayo.

"Sasa wewe, Faradji," alianza Ramazani, "hii kazi yako mupya, tuelezee vizuri. Unaingia nyumba ya mutu, unapika, unatoka?"

"Ndiyo."

"Leo kwa huyu, kesho kwa yule?"

"Ndiyo. Muchele wao, chungu chao, mukono wangu."

Baraza likaangua kicheko. Kassimu alijifuta macho kwa pindo la kanzu.

"Mutu iko na wake watatu, akodi mwanaume wa kumupikia! Hao wake watakuwa wageni wa nani? Na hizi nyumba kubwa, jikoni wamejaa watu wa kununuliwa. Nani atatoa kitambaa alipe kitu anachopata bure?"

Faradji aliacha kukuna goti.

"Mutu wa kununuliwa anapika na hasira, Shahidi. Mimi ninajua, nilinunuliwa Nyangwe nikiwa sijaota ndevu. Unakoroga chungu, unakiangalia, unafikiri mambo mengine kabisa. Wanaokula hawajui tu." Aliuinua mkono wa kulia. "Miaka kumi na mbili huu mukono ulikuwa wa mwenye msafara. Aliniacha huru alipokuwa anakufa. Sasa ninataka kuukodisha mwenyewe, siku ninayotaka, kwa mutu ninayemutaka. Ni hayo tu."

Kicheko kilikatika. Ramazani alikitazama kikombe chake kama kimemtukana. Amuri aliona haya kwa niaba ya baraza zima, akamwongezea shemeji yake kahawa ambayo hakuiomba.

"Lakini ndugu yangu," Kassimu alisema kwa sauti ya kubembeleza, "tatizo lako si kazi, ni pimo. Hemedi alikuambia upikie watu wangapi?"

"Wawili. Yeye na mugeni wake, Muzee Abedi wa Kabambare. Anamuposa binti yake."

"Na ukapikia wangapi?"

"Kama sitini hivi."

"Yee mama!"

"Miaka kumi na mbili ninapikia msafara! Mukono umezoea. Chini ya watu sitini unatetemeka, chumvi inamwagika. Hemedi amenipa pishi moja ya muchele, akaniachia ufunguo wa ghala, akaenda kusali. Mukono ukaona ghala, na harufu ikamuletea musikiti muzima mulangoni."

Ramazani alipiga paja. "Mupishi na pishi moja wapi na wapi! Ameyataka mwenyewe!"

"Cheka vizuri," Kassimu alimnong'oneza, "mwenyewe ndiye yule anakuja. Na fimbo iko nayo."

Kweli Hemedi alikuwa anakatiza sokoni, kilemba kimekaa upande, fimbo ya mpingo mkononi. Amuri alisogeza mdila wa kahawa mbali, maana vyombo havina kosa.

"Iko wapi huyu nzige?" Hemedi alifoka. "Muchele wangu wa mpaka Ramadhani! Mbuzi wangu wawili! Ghala imebaki panya tu, nao wananiangalia kwa huruma! Leo unaenda na msafara, Faradji. Mimi mwenyewe nitakufikisha kwa mnyapara, nikushike sikio mpaka—"

"Baba wa wakarimu!" Sauti ilitoka barabarani. Alikuwa Mama Nuru, muuza samaki, na ungo wake kichwani. Alipiga magoti nusu kwa heshima. "Watoto wangu wamelala na tumbo limejaa. Mungu akuongezee, Baba!"

Fimbo ya Hemedi ilisimama hewani. Akaishusha taratibu, akajifanya anaitumia kuonyesha mawingu.

"Amina, Mama," alisema, kama mtu anayemeza mfupa. "Ni... ni kawaida yetu."

Amuri ilimbidi ainamie makaa ili ajifiche uso.

"Kawaida," Ramazani alirudia kwa unyenyekevu mkubwa. "Tulikuwa hatujajua tu."

Hemedi alimkaribia Faradji, akazungumza huku ameuma meno. "Nilikuambia watu wawili! Wawili! Nilisema nini tena? Sema mbele ya hawa!"

"Ulisema, 'Pika, mugeni ajue mimi ni mutu.' Sasa Bwana Hemedi, na pishi moja ya muchele, angejua wewe ni mutu? Angejua wewe ni Hemedi tu."

Kassimu alinyanyuka akaenda kucheka nyuma ya ukuta. Wote walimsikia.

Kabla Hemedi hajapata jibu, Mzee Abedi mwenyewe alitokea, amejifunga kisafari, wabeba mizigo wake nyuma. Alimkumbatia Hemedi mara tatu mbele ya soko zima.

"Mukwe wangu," alisema, naye akalitamka neno hilo kwa mara ya kwanza. "Nilikuja Kasongo na maneno ya watu masikioni. Waliniambia, usimupe binti yako yule, atamuhesabia punje. Mimi nikasema, ngoja nione kwa macho. Nimeona! Binti ni wako. Baada ya mwezi tunamuleta, mimi na ndugu zangu hamsini."

"Ha... hamsini," alisema Hemedi.

"Na mupishi awe yule yule. Kaka yangu anapenda sombe."

Akaenda zake. Muda si mrefu, upande wa kambi, ngoma ya msafara ikaanza kulia.

Faradji aliweka kikombe chini, akasimama, akajikung'uta kanzu.

"Basi jamani, tuonane Mungu akipenda. Bwana Hemedi, hili sikio hapa. Twende kwa mnyapara."

"Unaenda wapi?" Hemedi alimkamata kanzu kwa mikono yote miwili, na fimbo ikaanguka. "Kaa chini! Wale hamsini atawapikia nani? Utakaa kwangu, nitakupa chumba."

"Aa-a. Kwako sikai. Siku yako nitakuja kwako, siku ya mwingine nitaenda kwa mwingine. Mimi ni mupishi wa kukodi. Na watu wa Kasongo wanaicheka hii kazi, kwa hiyo utaisema wewe, hapa, kwa sauti, wasikie."

Ngoma ililia tena. Hemedi alitazama barabara ya Kabambare, akaitazama fimbo yake mavumbini, kisha akakohoa.

"Nyie watu," alitangaza, "Faradji ni mupishi wa kukodi. Mimi, Hemedi, nimemukodi wa kwanza. Asiyemukodi si mutu."

"Mi nampata lini?" aliuliza Ramazani papo hapo. "Niko na hitima ya baba."

"Baba yako alikufa zamani!"

"Hakupata wali mzuri."

Hemedi aliokota fimbo. Hatua tatu mbele akageuka, akasema kwa upole wa mtu mwenye njaa, "Na leo muchana? Mimi peke yangu. Chakula kidogo tu?"

Faradji aliunyoosha mkono wake wa kulia. Ukatetemeka wote, kuanzia kidole hadi bega.

"Acha, acha!" Hemedi alipiga kelele. "Nitakula ndizi!" Akaenda mbio kufunga ghala lenye panya.

Baraza likatawanyika, kila mmoja akiwahi kumweleza mkewe kabla mwingine hajamweleza. Mnyapara alipita, akaambiwa, akatukana kidogo, akaondoka. Amuri alibaki na shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu msafara utangazwe Alhamisi moyo wake ulikuwa mweupe. Aziza angebaki kwa mumewe. Kahawa ingebaki tamu.

Ndipo kitu kikamrudia.

"Shemeji," alisema polepole, "Jumanne nilikula kwenu. Mimi, wewe na Aziza. Ulipika wewe."

"Eee."

"Kale kachungu kalikuwa kama kofia yangu. Wali uliiva vizuri, chumvi iko sawa, na tulipomaliza hata ukoko haukubaki."

Faradji alisogeza kikombe chake. Mkono ulikuwa umetulia tuli.

"Shemeji," alisema, "mimina kahawa."