Fomu ya Mvutaji Asiyevuta

Inatangazwa kwa heshima na taadhima kwamba makazi ya wakimbizi ya Nakivale yameacha sigara. Yaliacha siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, kwa azimio la Kamati ya Uratibu wa Kuachisha Uvutaji, ambayo mimi, Emery, ni katibu wake. Azimio lilipita bila kupingwa. Wajumbe wawili hawakupiga kura kwa sababu walikuwa nje wakivuta, lakini walituma salamu za kuunga mkono.

Kilichobaki kilikuwa utekelezaji tu.

Mwenyekiti wetu, Bwana Barekye, alikuja kutoka mji wa Mbarara kila Jumanne na Ijumaa, ndani ya suti ya kijivu. Alikuwa mtu wa kazi. Kila nusu saa aliinuka kwenda kukagua mazingira nyuma ya ofisi, akarudi anatafuna pipi ya mnanaa. Mimi niliandika katika kumbukumbu: "Mwenyekiti amekagua." Sijaona kiongozi mwingine aliyeyajali mazingira kiasi kile.

Kutoka Mbarara ilikuja pia boksi ya plasta za nikotini. Ni dawa. Mtu anaibandika mkononi, inaupa mwili wake nikotini kidogo kidogo, ile hamu isimpige sana wakati anaacha. Boksi ililetwa na barua ya Daktari Natukunda wa hospitali moja ya huko. Aliandika hivi: "Wapeni wanaotaka kuacha, na mkae nao mzungumze."

Barua ilikuwa fupi mno na ilitutia wasiwasi. Tulikaa wiki tatu tukaipanua ikawa Utaratibu wa kurasa tisa. Ukurasa wa kwanza ulisema plasta atapewa mvutaji aliyethibitishwa tu. Kuthibitishwa maana yake ni kuonekana akivuta na wajumbe wawili, mchana kweupe, sigara nzima. Tuliogopa watu wasiovuta wangezibandika kwa urembo.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Papa Gervais, fundi wa cherehani hapa mtaa wa Base Camp, Mkongomani wa Uvira, mwembamba, vidole vya njano. Alikuwa amevuta miaka thelathini na moja. Alikuja na mke wake Marcienne, Mrundi, mwanamke wa maneno machache.

Nilifungua fomu. "Papa Gervais, unavuta sigara ngapi kwa siku?"

"Hata moja. Niliachaka. Leo ni siku ya kumi na moja."

Nikaweka kalamu chini. Tulikuwa na tatizo.

"Kama umeacha, umefuata nini kwenye ofisi ya kuacha?"

"Juu ya hamu, katibu. Inanishinda. Mikono inatetemeka, uzi hauingie mu sindano. Nikisikia harufu ya sigara ya jirani, nataka kulia. Batu balisema hapa iko dawa ya kubandika."

Akanieleza habari za Ineza, mjukuu wake wa miaka minne, mwenye pumu. Asubuhi moja mtoto aliamka midomo imegeuka rangi, kifua kinapiga filimbi. Gervais alimbeba mbio hadi kituo cha afya. Muuguzi alimpokea mtoto, akanusa shati la babu yake, akauliza swali moja tu: "Nani anavutaka mu nyumba?" Siku hiyohiyo pakiti iliyobaki iliingia chooni.

"Nalala mbali naye," alisema. "Mutoto ananiita, naogopa kumubeba."

Hapo Mwenyekiti akarudi kutoka ukaguzi. Nilimweleza ugumu wa kesi. Akamgeukia Gervais.

"Mzee, wewe nakunywa sigara ama hapana?"

"Hapana, bwana."

"Sasa plasta ya nini? Hii ni ya watu ya sigara. Rudia sigara kidogo, sisi tuone, halafu tunakusaidia kuacha. Hapana haribu utaratibu, ssebo." Ssebo kwao ni bwana.

Marcienne akasogea mezani. "Bwana mkubwa, munataka avute ndiyo mumuachishe?"

"Ndiyo, nyabo. Ni kwa faida yake."

Fomu ilihitaji sigara ya uthibitisho. Kwa bahati, Mwenyekiti alikuwa nayo mfukoni. Mtu aliyejiandaa hakosi kitu. Kiberiti pia alikuwa nacho.

Gervais aliishika ile sigara kwa vidole viwili, akaipitisha chini ya pua, akafumba macho, akaiweka mdomoni. Siku kumi na moja zote zilikuwa pale, juu ya mdomo wake wa chini. Mwenyekiti akawasha kiberiti. Mimi nikasogeza kalamu kwenye mstari wa "dakika ya kuwasha."

Marcienne hakupiga kelele. Alinyoosha kiganja chini ya kidevu cha mume wake, akakaa hivyohivyo, kama mtu anayesubiri mtoto ateme kitu. Kiberiti kiliungua hadi kikamchoma Mwenyekiti. Gervais akaitoa sigara mdomoni, akaiweka kwenye kile kiganja. Marcienne akaivunja vipande viwili juu ya fomu yangu.

"Andika na hiyo," akasema.

Niliandika: "Mwombaji ameshindwa kuvuta. Ombi limekataliwa."

Waliondoka mikono mitupu. Kusema kweli, kalamu ilinilemea siku ile, lakini nadhani ni wino.

Wiki mbili baadaye ukakaribia uzinduzi rasmi wa mpango. Daktari Natukunda mwenyewe alikuwa anakuja, na alikuwa ameomba kukutana na watu walioacha. Rejista yetu ilikuwa safi kabisa, haikuwa imechafuliwa na jina hata moja.

"Katibu," alisema Mwenyekiti, "tafuta mtu moja ameacha. Moja tu inatosha."

Nilimjua mmoja tu. Nilimkuta barazani kwake anashona sketi ya mwanakwaya, kipande cha muwa mdomoni.

"Siku ya ishirini na tano," alisema kabla sijauliza. "Ile hamu iko kama mugeni mubaya. Usipomupatia kiti, anasimama kidogo, anaenda. Lakini asubuhi anarudiaka na mizigo yake yote."

"Utakuja kwenye sherehe?"

"Nitakuja juu ya plasta. Hapana juu yenu."

Siku hiyo kulikuwa na turubai, viti vya plastiki na bango refu. Mke wa Mwenyekiti alikaa mstari wa mbele, vazi lake la gomesi linang'aa. Mwenyekiti alihutubia dakika arobaini, akikatiza mara mbili ili kukagua mazingira.

Kisha akasimama Daktari Natukunda, mama mfupi mwenye viatu vya vumbi. Alitoa mkobani kifaa kidogo chenye mdomo wa karatasi.

"Hiki kinapima pumzi," alisema. "Unapuliza, kinaonyesha sumu ya moshi iliyo ndani yako. Chini ya sita, huvuti. Juu ya kumi, tuna mazungumzo."

Gervais akapuliza wa kwanza. Mbili. Watu wakapiga makofi, Ineza akapiga zaidi ya wote kutoka mapajani kwa bibi yake.

Mwenyekiti akadaka kipaza sauti. "Mnaona? Kamati imeachisha huyu mzee!"

"Kamati ilinipatia sigara," alisema Gervais.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja hadi meza kuu. Mwenyekiti aliona heshima ya serikali zote duniani iko hatarini. Akavuta kile kifaa mkononi mwa daktari.

"Kiongozi ni mfano! Mimi toka nizaliwe hapana gusa sigara. Tazama!"

Akabadilisha mdomo wa karatasi, akapuliza kwa nguvu, mashavu yamevimba kama ya mpiga tarumbeta. Ishirini na tisa.

Akakitikisa kile kifaa.

"Mashine mbovu," alisema, akapuliza tena. Thelathini na moja. "Hii ni moshi ya makaa. Jikoni."

"Nyumbani unapika wewe?" aliuliza daktari.

"Hapana. Na sisi tuko na gesi."

Daktari hakucheka. Alivuta viti viwili, akamkalisha, akaanza kuongea naye polepole kama yuko chumbani kwake hospitalini. Kipaza sauti kilikuwa bado mapajani mwa Mwenyekiti, na kilikuwa kinafanya kazi vizuri kuliko wakati wa hotuba.

"Ukiamka, sigara ya kwanza unavuta saa ngapi?"

"Kabla ya kuvaa viatu."

"Umewahi kujaribu kuacha?"

"Mara nne." Sauti hiyo Kamati ilikuwa haijawahi kuisikia. Ilikuwa ndogo, na haikuwa na cheo. "Mara moja nilifika siku sita. Mke wangu hajui kama navuta."

"Hiyo thelathini na moja mimi nilijua bila mashine," alisema mke wake.

Daktari alifungua boksi yetu, ambayo ilikuwa bado imefungwa na gundi yake yote. Alimwuliza Gervais ni saa ngapi hamu inamzidi, akambandika plasta ndogo. Mwenyekiti alivuliwa koti la suti mbele ya kadamnasi, akabandikwa kubwa.

Nilisimama. Kazi ni kazi. "Daktari, kuna Utaratibu."

Aliupokea. Alisoma kurasa tisa zote amesimama, akazikunja mara nne, akainama, akaziweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Meza ikatulia. Nikaandika: "Waraka umeanza kutumika."

"Dawa peke yake haitoshi," daktari aliuambia umati. "Anayeanza anahitaji mtu wa kukaa naye, mtu aliyepita njia hiyo. Hapa mnaye nani?"

Kila mtu alimtazama fundi cherehani.

Ndiyo maana siku hizi, Jumanne na Ijumaa, gari la Kamati linasimama kwa Papa Gervais. Mwenyekiti anakaa kwenye benchi, Ineza anamwonyesha vifungo, amepakatwa na babu yake. Siku ya tatu ya matibabu hamu ilimkamata Mwenyekiti saa tano asubuhi, akaanza kupapasa mifuko iliyokuwa mitupu. Gervais hakumhubiria. Marcienne alimpa madumu mawili ya manjano, akamwonyesha kwa kidole njia ya kwenda bombani.

Foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja aligeuka akaitazama ile suti.

"Si weye mukubwa wa sigara?"

"Nilikuwa," alisema Bwana Barekye. "Sasa mimi niko siku ya tatu."

Yule mama aliangalia ile mikono ikitetemeka, dumu likigonga dumu. Akasogea pembeni, akampisha mbele yake.

Mimi nilikuwa nyuma yake, na dumu langu. Siku yangu ya kwanza bila sigara. Mimi hawakunipisha.