Jiwe la Mama Linanuka Kahawa

Ishmael Mogaka,
Mwalimu na mkulima,
Nyakoe, Kisii.

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Jiko la Kisasa.

Ndugu Mhariri,

MINTARAFU: JIWE LA KUSAGIA LA MAMA YANGU KUNUKA KAHAWA KUTOKANA NA USHAURI WAKO

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia wewe, wafanyakazi wako, na taifa kwa jumla, kwamba tangu Jumapili ya wiki iliyopita jiwe la kusagia wimbi la mama yangu, Nyakerario, limethibitishwa kunuka kahawa. Waliothibitisha ni wanawake wanane, walioinama na kulinusa kwa zamu. Hakuna aliyeumia. Ila mimi siku hizi najipikia, na ukiniona utajua ni siku ya ngapi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wangu miaka hamsini na minne, mwenye tumbo la wastani na magoti yaliyo chini ya wastani. Nina mibuni mia mbili niliyoachiwa na marehemu baba, na nina kanisa ambalo halinywi kahawa. Kuilima tunailima. Ndiyo iliyonisomesha mimi na dada zangu wanne. Lakini kuinywa tumewaachia watu wa mbali, ambao huwa tunawaombea.

Aliyeniharibu ni rafiki yangu Ombok, mtu wa ziwani anayeuza vipuri vya pikipiki mjini Kisii. Siku moja alinimiminia kikombe dukani kwake akasema, "Mwalimu, miaka yote hiyo unalima kitu usichokijua?" Nilipata aibu ya kitaaluma, nikanywa. Halafu akanipa gazeti lako, toleo lenye makala ya jinsi ya kuchagua kinu na chombo cha kahawa cha nyumbani. Nililisoma mara nne, kwa kalamu nyekundu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Uliandika kwamba mtu asinunue kinu cha visu, kwa sababu visu hukatakata buni ovyo, vipande vingine vikawa kama changarawe na vingine kama vumbi. Ukasema kinu bora ni chenye mawe mawili, moja limetulia na jingine linatembea juu yake, na kwamba mtu ajinyime chombo cha kupikia kuliko kujinyima kinu. Nikatazama bei. Nililifunga gazeti, nikalifungua tena, nikidhani nimesoma nambari ya simu. Ndipo nikakumbuka kwamba mawe mawili, moja limetulia na jingine linatembea juu yake, yako jikoni kwa mama yangu, hatua mia moja kutoka mlangoni pangu.

Hukusema popote kwamba mawe hayo yanaweza kuwa ya mtu. Hukusema kwamba huku kwetu jiwe la kusagia ni la mwanamke, na kwamba mwanamume hapigi magoti mbele yake hata kama jiko linaungua. Gazeti linalosomwa nchi nzima lilipaswa kulijua hilo.

2. Kuhusu chombo cha kupikia, ulisifu kile cha kioo chenye kichujio cha kusukuma, na pia faneli ya kuchujia matone. Niliikata shingo ya chupa ya mafuta ya kupikia, nikaitandika leso yangu nyeupe ya kwaya. Buni nilikuwa nimeikaanga kwenye kikaango cha chapati. Ulisema nitapata harufu ya maua na kwa mbali ladha ya limau. Nilipata ladha ya wimbi kwa karibu, na kwa mbali ladha ya mwimbaji wa besi. Leso sasa ni ya kahawia, na mwalimu wa kwaya ameniuliza kwa sauti ya chini kama nilijeruhiwa.

3. Uliandika, tena kwa herufi nene, kwamba buni isagwe dakika ileile ya kunywa, la sivyo harufu yake hupotea. Mimi nanywa mara tatu kwa siku. Kwa hivyo kwa wiki mbili nimekuwa nikienda kwa mama mara tatu kwa siku, kuanzia Ijumaa moja jua likiwa bado juu na Sabato haijaingia, na kila mara nikitoa sababu kwamba nimekuja kumjulia hali. Namuuliza kama amekula. Namuuliza mgongo unasemaje. Akitoka kulisha kuku, nashuka magotini, nasaga, nalifuta jiwe kwa kiganja, kisha naondoka na karatasi mfukoni.

Mama akaanza kuwaambia watu kwamba nimebadilika. Alimwambia mzee wa kanisa, Nehemiah, "Zamani alikuwa anapita barabarani na pikipiki, ananipigia honi. Siku hizi anaingia, anakaa." Nehemiah alinishika mkono mbele ya watu akanitaja kuwa mfano. Mhariri, sijui kama umewahi kusifiwa kwa upendo ambao kwa kweli ulikuwa njia ya kufikia kinu. Mtu hata hajui auweke wapi uso.

4. Hili ndilo zito. Uliandika kwamba kinu cha kahawa kisioshwe kwa maji kamwe, bali mara kwa mara mtu apitishe humo nafaka kavu kiganja kimoja, nayo itafuta mafuta na vumbi lililobaki. Mama yangu husaga wimbi kila asubuhi. Maana yake ni kwamba, kwa mujibu wa makala yako mwenyewe, mama mwenye miaka themanini na mmoja, shemasi mstaafu, ambaye hajaonja kahawa tangu abatizwe, amekuwa akinisafishia kinu kila siku, kisha anayapika masafisho na kuyanywa.

5. Matokeo yalionekana mara moja. Mama alianza kwenda sokoni Nyakoe kwa miguu, kikapu kichwani, akikataa hata kupandishwa pikipiki. Jumanne moja alishika panga akaifyeka njia yote ya kutoka kwake hadi kwangu, pande zote mbili, akiimba. Sabato iliyofuata aliombwa atufungie ibada kwa sala fupi, akasali dakika arobaini. Watoto walilala, wakaamka, wakamkuta bado yuko katikati.

Nehemiah alisema huo ni uamsho. Akina mama wa Dorkasi, chama cha wanawake wa kanisa, walimuuliza mama anakula nini, akasema uji. Basi Jumapili wakaja wanane, kila mmoja na wimbi wake, wausagie kwenye jiwe lenye baraka. Sasa tufikiri pamoja, Mhariri. Ikiwa uamsho huu umetoka kwenye buni yangu, basi kanisa letu limeamshwa na kitu ambacho limekikataza. Nani atakayekwenda kuwaambia walale tena?

6. Wa kwanza kupiga magoti alikuwa Abigael, kiongozi wao. Alisimama hapohapo. "Mong'ina," alimwambia mama kwa heshima ya umri wake, "jiwe lako linanuka nini?" Wakanusa wote wanane. Halafu wakageuka wote wanane wakamtazama mke wangu, Kwamboka, aliyekuwa ameshika birika akiwamiminia maji ya kunawa. Boma hili lina wanawake wawili tu, na mwenye jiwe ni mmoja wao. Mwanamume hakuna aliyemfikiria.

Mama hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Aliyefanya atasema. Mimi nangoja." Nami nilikuwapo. Nilikuwa karibu na nguzo, naichunguza nguzo.

Baadaye Kwamboka aliniuliza tukiwa wawili, "Ishmael, ni wewe?" Nilimjibu kwa swali. Asubuhi yake alifunga nguo kwenye mkoba akaenda Sironga kwa dada yake Gladys, kukaa siku mbili. Leo ni ya saba. Namjua mke wangu. Atarudi siku jina lake litakaposafishwa mbele ya wale waliolichafua, wala si siku moja kabla.

Kwa hivyo naomba yafuatayo. Chapa ukurasa wa kwanza kwamba gazeti lako ndilo lililolinukisha kahawa jiwe la mama yangu. Tangazo hilo liseme wazi kwamba Kwamboka, mke wa mtu fulani wa Nyakoe, hana hatia, na lisimtaje huyo mtu fulani. Mwandikie mchungaji wetu kumhakikishia kwamba kahawa ikinywewa na mtu asiyejua inahesabiwa kuwa uji. Nitumie kinu cha mawe, rangi yoyote. Na kama hayo yote hayawezekani, basi njoo mwenyewe Nyakoe upige magoti kwenye jiwe mbele ya Dorkasi, waone kwa macho yao kwamba mwanamume anaweza kufanya jambo kama hilo, ili nao waanze kuwashuku wanaume kwa jumla, bila kulazimika kuanza na mimi.

Najua jina langu na anwani yangu viko hapo juu. Tafadhali usivitazame.

Nisalimie wote hapo ofisini: aliyeandika makala, aliyepiga picha ya kile kikombe chenye povu, mlinzi wa lango, na mama anayewaletea chai, maana nina hakika ninyi wenyewe mnakunywa chai. Ombok anawasalimu. Nehemiah naye angewasalimu kama angejua ninaandika.

Ni mimi, nikiandika kwa heshima na kwa magoti yenye malengelenge,

Ishmael Mogaka

Nyongeza: Barua hii imekaa mfukoni mwangu wiki nzima, na sasa karibu yote si kweli. Siwezi kuiandika upya kwa kuwa karatasi nzuri zimeniishia. Yaliyotokea hasa ni haya.

Mara ya kwanza kusaga haikuwa Ijumaa. Ilikuwa Sabato saa nne asubuhi, watu wakiwa kanisani, mimi nikiwa na homa niliyoipanga tangu Alhamisi. Na swali nililomjibu Kwamboka lilikuwa hili: "Mimi? Mwanamume mzima?" Nilipoliandika hapo juu niliona haya kulinukuu.

Siku moja baada ya kuifunga bahasha nilikwenda kwa mama, nikamkuta ameketi karibu na jiwe. Alikuwa ameniwekea kigoda. "Tata, kaa," alisema, jina analoniita akiwa mtulivu. "Leo usiniulize kama nimekula."

Nikakaa. Nikamwambia yote, na gazeti lako sikulitaja hata mara moja.

"Nilijua siku ya kwanza," akasema. "Baba yako alisagia papo hapo, mwaka alioandikwa kazi kwenye kiwanda cha kahawa. Nilipomuuliza, akasema ni panya. Nikamuuliza hao panya moto wa kukaangia waliupata wapi."

Uji wenye kahawa hajaunywa hata kijiko. Tangu Sabato ile alikuwa akipeleka wimbi wake kwenye mashine ya Nyakoe, ndiyo safari zile za kikapu. Wale wanane alishindwa kuwazuia bila kunitaja. Njia aliifyeka kwa sababu niliwasili kwake kila asubuhi nikiwa nimelowa umande hadi magotini. Ile sala ya dakika arobaini ilikuwa juu yangu. Nakumbuka niliitikia amina mara nne, kwa sauti kubwa.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia, ungeacha kuja."

Akaongeza, "Lakini ulipowaacha wamtazame mokamwana wangu, mke wako, nawe umekumbatia nguzo, hapo nilikukasirikia. Bado nimekasirika. Nenda Sironga."

Nilikwenda. Kwamboka alinisikiliza nikiwa nimesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nilipomaliza alisema, "Walionitazama ni wanane. Nenda ukawaambie wanane."

Jumapili niliwaambia, mbele ya jiko la mama. Abigael hakuamini, akataka nionyeshe. Nikapiga magoti nikasaga. Walicheka hadi Nehemiah akaja mbio kuona uamsho umefika wapi. Kisha Abigael akavuka ua hadi pale nguzoni, maana Kwamboka alikuwa amekuja na Gladys na kusimama palepale niliposimama mimi. Alimshika mikono yote miwili. Walichoambiana sikukisikia, wala hakikunihusu. Jioni hiyo mkoba ulirudi nyumbani.

Kinu usinitumie. Mama alinionyesha jiwe lililo kando ya mlango wangu, ambalo kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa nikikwangulia matope ya gambuti. Ni la baba. Baada ya yale ya panya, mama alimwambia achonge lake. Kwa hiyo kinu bora cha nyumbani nilikuwa nacho wakati wote, na nilikuwa nakikanyaga. Tumelisugua kwa maji mara tatu, kinyume cha ushauri wako, na lile la mama nimeliachia wimbi wake. Kwamboka alionja kahawa ya kwanza kutoka kwenye jiwe la baba, akatafakari, akasema inafanana na kuchelewa kufika nyumbani wakati wa mvua. Nimemwambia ataizoea. Amesema mimi pia alinizoea.

Jiwe hilo sasa tumelihamishia mlangoni kwa mama, kwa ombi lake. Yeye hanywi. Naenda mara tatu kwa siku, hata siku ambazo buni imekwisha.