Nimemsamehe Mke Wangu Mbele ya Foleni ya Mpunga

Leo nimejiaibisha. Na wala sikusingiziwa na mtu, ni kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu na magunia yao. Naandika haraka kabla hamjaletewa ile video na watu wasiojua kusimulia.

Kwa wasionijua: nauza asali pale Isevya, nakaa Cheyo, na mke wangu, Mama Kulwa, anapima magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Mheshimiwa diwani. (Kata yake siitaji. Nimeshajitafutia ya kutosha kwa siku moja.)

Wiki nzima mji hauna habari nyingine. Mheshimiwa ametembea na mfanyakazi wake, mke wa mtu. Kuna sauti imesambaa kwenye simu, mtu anasimulia mwanzo mpaka mwisho, ila jina la mwanamke halitajwi. Basi! Watu wanaongea sokoni, wanaongea wakitoka misa, wanaongea wakivaa viatu mlangoni mwa msikiti. Huyu anasema ajiuzulu. Yule anasema mambo ya chumbani mwachieni mwenye chumba. Mama mmoja muuza karanga ndiye aliyenimaliza: "Kwani kwenye kampeni aliahidi usafi wa moyo? Aliahidi kalavati. Mimi naulizia kalavati!"

Na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Asubuhi hii, Mama Kulwa ameshaenda kazini, nakunywa chai yangu, nikaandika kwenye kundi la wasapu la mtaa: "Mimi simshangai diwani. Namshangaa huyo mume. Mwanamume mzima hujui kinachoendelea ndani kwako? Mabwege wa aina hii wanapatikana wapi?" Nikabandika na vicheko.

Kundi likanyamaza. Lile kundi ambalo hata kukiwa na msiba watu wanatumiana matokeo ya mpira, likanyamaza kabisa. Baadaye mwenyekiti wa mtaa akaandika, "Tuombeane."

Nikadhani nimewazidi hoja.

Nimefika Isevya, sijafungua hata mlango vizuri, Mama Asha wa vitumbua huyo hapo. Mama Asha ni mtu ambaye ukimwomba kitumbua kimoja cha kuonja anakuuliza kama umemzaa. Leo kaniletea sahani imejaa.

"Kula, baba Kulwa. Usikae na njaa kipindi hiki."

"Kipindi gani?"

"Pole, kaka yangu."

"Pole ya nini?"

"Ya ulimwengu," akasema, akaondoka akijifuta macho kwa ncha ya khanga. (Vitumbua nilikula. Vilikuwa vya moto.)

Akaja Mzee Maganga, mwalimu mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, lakini mkono hakuuachia. Akanitazama usoni kwa huruma.

"Mwanangu, mwanamume ni kifua. Wewe una kifua?"

"Kama ni kifua, mzee, ninayo asali ya nyuki wadogo. Vijiko viwili asubuhi, kinafunguka."

Akatikisa kichwa. Akamgeukia mtu aliyekuwa anapita na kumwambia, "Maskini, ameshaanza kuchanganyikiwa."

Hapo nikaanza kukereka. Mnanipa pole, mnanishika mkono, mnanitazama kama jeneza, na hakuna anayesema nani kafa! Nikavuka barabara kwenda kwa Shomari. Shomari ni kinyozi, Mzaramo aliyemfuata mke huku, na kwetu Unyanyembe Mzaramo ni mtani, na mtani hana adabu ya kukuficha kitu.

"Shomari, nimefanya nini mimi?"

Akazima mashine ya kunyolea, mteja kabaki na kichwa nusu. "Mtani, kaa chini."

"Sikai."

"Haya simama, utaanguka mwenyewe. Pale mashineni kwa Mheshimiwa wanawake ni wangapi? Bibi Monika anayefagia, huyo mjane. Tedi anayepokea pesa dirishani, huyo hajaolewa. Sasa niambie, mke wa mtu ni nani?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Nikakaa chini.

"Haiwezekani," nikasema.

"Mji mzima unajua inawezekana. Asubuhi umejitukana mwenyewe kwenye kundi, watu wamekuonea huruma wakashindwa hata kukujibu." Kisha mshenzi yule akaanza kucheka. "Mtani, babu zako walijitwisha mizigo kichwani kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo. Wewe kamzigo haka kamoja kanakulegeza magoti?"

Yule mwenye kichwa nusu naye akatoa maoni yake. Kwake yeye kosa ni la mishahara midogo. Sikumwelewa, na sidhani kama alijielewa.

Jamani, shaka ikishaingia kichwani haihitaji msaada. Nikaanza kukumbuka. Siku hizi Mama Kulwa anachelewa kurudi. Simu ikiita anatoka nje kuongea, ananong'ona. Juzi kapika kuku katikati ya wiki, na hatuna mgeni wala sikukuu! Nilimuuliza, akajibu, "Kwani kuku mpaka Krismasi?" Nikala huku nashukuru. Bwege mimi, nilikuwa nakula ushahidi!

Nikafunga duka. Nikapanda baiskeli. Mwanzo wa safari nilikuwa nimepanga kwenda kupasua kila kitu: mizani, dirisha, Mheshimiwa mwenyewe kama yupo. Nakanyaga pedali natukana. Lakini baiskeli ina ubaya mmoja, inakupa muda wa kufikiri. Nikaukumbuka mwaka ule nyuki waliponivamia porini, nikaletwa nyumbani uso umevimba hata watoto wakanikimbia. Huyu mwanamke alikaa na mimi siku nzima akinitoa miiba, mmoja mmoja, huku analia na kunitukana kwa kutovaa kofia. Sasa mtu kama huyo unamwachaje? Nikajiuliza na mimi nina makosa gani. Nikayapata mengi kuliko nilivyotarajia.

Nilipofika ng'ambo ya reli, nilishaamua. Nitamsamehe. Kimyakimya, kiungwana, nimchukue twende nyumbani, mji useme utakachosema. Nilijisikia mtu mzima kweli. (Hapa ndipo ningegeuza baiskeli.)

Mashineni foleni ilikuwa ndefu. Wakulima wametoka mpaka Igunga na mpunga wao, wamekaa juu ya magunia, pumba zinaruka, mashine inanguruma hata mawazo yako huyasikii. Namtafuta Mama Kulwa, namwona kule ndani kwenye mizani. Amekaa na nani? Na mke wa Mheshimiwa! Vichwa vimeinamiana, wameshikana mikono, mke wa Mheshimiwa analia.

Nikajisemea, anamwomba radhi. Amekiri. Moyo ukanipasuka, na hapo hapo nikamwonea fahari kwa ujasiri ule. (Ndiyo, niliona fahari. Msiniulize.)

Nikasogea. Nikasema polepole, "Mama Kulwa, nimekusamehe."

Akainua uso. "Nini?"

"Nimekusamehe!"

Akaonyesha sikio. "Sisikii! Kuna nini? Watoto wazima?"

Nikavuta pumzi mpaka tumboni. Nikafumba macho. Nikapiga kelele kwa nguvu zote alizonijalia Mungu. Na sekunde hiyo hiyo, ndugu zangu, umeme ukakatika. Mashine ikazimika, kimya kikatanda, na sauti yangu ikabaki peke yake chini ya bati:

"HATA KAMA UMELALA NA MHESHIMIWA, MIMI NIMEKUSAMEHE! TWENDE NYUMBANI!"

Mwangwi ukanirudishia ile "nyumbani".

Kuku mmoja aliyekuwa anadonoa chenga pale chini aliacha kudonoa.

Kisha foleni ikalipuka. Mkulima mmoja akasimama juu ya gunia lake akapiga makofi: "Wabeja sana, baba, asante! Huyu ndiye mwanamume!" Mama mwingine akasema, "Haleluya." Mwingine akasema angekuwa yeye angemrudisha kwao leo leo. Wakaanza kubishana wao kwa wao kama kusamehe ni imani au ni uzembe, na nyuma kabisa naona mikono imeinua simu, zinanirekodi. Hakuna hata mmoja, hata mmoja jamani, aliyeuliza kama jambo lenyewe ni kweli!

Ila mke wa Mheshimiwa hakupiga makofi. Aliuchomoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa mke wangu. Akamtazama.

"Na wewe pia?"

NA WEWE PIA! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekanyaga pabaya.

Kumbe mwanamke mwenyewe yuko Igunga, kwenye duka la pembejeo la Mheshimiwa. Mke wa Mheshimiwa, mama wa watu, alikwenda kule wiki iliyopita akakutana na huyo mwanamke uso kwa uso. Na tangu siku hiyo alikuwa anakuja mashineni jioni kumlilia mke wangu, ndiyo maana ya kuchelewa, na ndiye aliyekuwa anampigia simu, ndiyo maana ya kunong'ona. Alimwomba asimwambie mtu, naye hakumwambia mtu. Hata mimi.

"Mama, sikia," mke wangu anasema, "naapa mbele ya Mungu, huyu mwanamume sijui katoa wapi maneno haya!"

"Mumeo mwenyewe kasema!"

"Mume wangu ni mjinga!"

"Ni kweli," nikasema, "mimi ni mjinga, mama. Nimeambiwa na kinyozi."

Aliyetuokoa ni Bibi Monika na ufagio wake. Alikuja akasimama katikati yetu, akamwambia mke wa Mheshimiwa, "Mwanangu, acha machozi ufikiri. Huyu mumeo akipita hapa, huyu mama anamfokea kwa kukanyaga mpunga wa watu. Amemfukuza kwenye mizani mara ngapi? Mimi nafagia, naona." Kisha akanigeukia mimi, akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwani. "Na wewe ungekuja na kisu tungekuelewa. Umekuja na msamaha!"

Mke wa Mheshimiwa akamkumbatia mke wangu. Wakalia wote. Nikataka kujiunga, Bibi Monika akanizuia kwa mpini.

Tukarudi nyumbani, mimi nasukuma baiskeli, yeye kanitangulia, hatuongei. Njia nzima watu wanampisha mke wangu kwa macho yale, na mimi wananipa mkono. "Hongera, shujaa." Ushujaa gani? Asubuhi ulikuwa uvumi tu, mtu angeweza kuubishia. Sasa umethibitishwa na mume mwenyewe, kwa sauti, tena kuna video! Nikijaribu kueleza wananiambia, "Tunakuelewa, unamlinda. Una moyo wewe."

Na bado. Jioni simu inaita, napokea, Mheshimiwa mwenyewe. Amekasirika!

"Ndugu yangu, hayo mengine nitayajibu kwenye vikao. Lakini hili la mkeo silijui hata kidogo. Unanichafulia jina!"

Jina! Yeye! Nikajikuta namwomba radhi. Mimi ndiye nimemwomba radhi Mheshimiwa.

Nimemuuliza Mama Kulwa, na yule kuku je? Akasema yule kuku alikuwa ameacha kutaga.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Tabora na nje ya Tabora, pokeeni tangazo hili: mke wangu hana kosa lolote, na mimi sina msamaha wowote wa kumpa. Amekaa hapa pembeni anasoma kila ninachoandika, amenifanya nirudishe neno "mjinga" nililokuwa nimeliruka. Ameniambia kesho asubuhi nitamsindikiza kazini, nitasimama mbele ya foleni, na mashine itazimwa makusudi ili kila mtu asikie vizuri.

Kama una mpunga wako ndani, nakuomba sana ndugu yangu, ukoboe keshokutwa.