Boaz Makoye Anazungumza kwa Kinywa Changu

Jumatatu, 3 Agosti

Habari kubwa Kahama. Boaz Makoye anakuja! Mwigizaji wa kimataifa, mtoto wa Samuye, aliyeondoka na begi moja na sasa anapanda majukwaa ya London kama anayepanda kitandani kwake. Anakuja kumwona mama yake siku chache, kisha anarudi Kanada kuendelea na filamu.

Watu hapa wanamjua Boaz. Wanamjua kwa sababu yangu. Miaka sasa ninakaa nyuma ya banda la video la Mwahija na kipaza sauti, napunguza Kiingereza hadi kinasikika kama mbu, nawasemea wote kwa Kiswahili: Boaz, adui wa Boaz, mchumba wa Boaz, na mbwa kama yupo. Wateja wangu ni wachimbaji. Wametoka duarani, huko mashimoni, na vumbi la dhahabu isiyo yao, wanataka kufurahi. Basi ninawatengenezea mambo. Katika ile filamu iliyompa tuzo, Boaz ni wakili. Nimemfanya mnunuzi wa dhahabu. Imekaa vizuri. Mahakama nimeiita ofisi ya madini na hakuna aliyelalamika.

Tatizo ni Nuruddin, mtafsiri wa banda la ng'ambo ya barabara. Kanunua skrini pana kama mlango wa godauni, wateja wanahamia kwake. Leo Mwahija kaniambia bila kupepesa macho: nimlete Boaz mwenyewe bandani Ijumaa, la sivyo kipaza sauti atapewa Nuruddin, ambaye yuko tayari kuhama na skrini yake.

Nikamjibu asiwe na wasiwasi, mimi na Boaz ni kitu kimoja. Sijawahi kumtia machoni.

Jumanne, 4 Agosti

Samuye. Basi hadi Tinde, nikashuka, nikapanda jingine. Sukari mkononi, kitenge kwapani. Mpango wangu: nikimpata mama, mtoto hana ujanja. Nilikuwa nimejipanga kujitambulisha kama mfanyakazi mwenzake Boaz.

Sikufika huko. Nilisema tu shikamoo mama, Bi Limi akaweka ungo chini. Akasema sauti hii anaijua, ni ya mwanawe kabisa akiwa kwenye filamu. Kumbe jirani humwekea filamu za Boaz kwenye simu, zile nilizotafsiri mimi, naye huzisubiri kwa ajili ya mahali pamoja tu, pale mwanzoni Boaz anapoingia na kusema, "Mwangaluka, mayu." Habari za asubuhi, mama. Akishasikia hivyo, hata simu ikizima hana neno.

"Kupiga simu hapigi sana," akasema. "Lakini mbele ya Wazungu wote wale hakosi kuniamkia mimi."

Nikatafuna michembe aliyonikaribisha, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Salamu ile niliitia mimi, siku moja tu, kuwachekesha vijana wa Samuye. Ikanoga, ikabaki. Nilitaka kumwambia ukweli, wallahi nilitaka. Ndipo, nilipotaja banda, akaahidi kumleta Boaz Ijumaa. Nikaona ukweli hauna haraka.

Jumatano, 5 Agosti

Matangazo. Nimekodi bodaboda na spika, nikazunguka mji nikisema kwa sauti ya Boaz: mimi Boaz Makoye nitakuwa kwa Mwahija, msikose. Akina mama wa soko la mchele wakanipungia mikono. Mmoja akauliza mbona Boaz ni mfupi hivi. Tukaongeza mwendo.

Nuruddin naye katangaza kwamba kwake Boaz ataonyeshwa kwa sauti yake mwenyewe, bila kutafsiriwa. Nimecheka sana. Nani Kahama atalipa kiingilio asikilize Kiingereza?

Alhamisi, 6 Agosti

Sicheki tena.

Boaz amefika Samuye. Bi Limi kanipigia, kampa simu. Ikatoka sauti nyembamba, ya upole, ya mtu anayekueleza dawa hii ni kutwa mara tatu. Nikadhani ni msaidizi wake. Ni yeye! Mimi miaka yote nimempa sauti ya fahali anayeshuka mtoni.

Mpango mpya. Nimemwambia Mwahija kwamba Boaz kakaukiwa na sauti, daktari wa Kanada kamkataza kuongea, nitamsemea mimi. Na kwa usalama zaidi nimepika chupa nzima ya chai ya tangawizi na pilipili kichaa. Akiinywa hiyo, lazima sauti ikwaruze.

Ijumaa, 7 Agosti

Banda lilijaa hadi madirishani. Boaz kaja na mama yake, kavaa shati la kawaida, hana makuu. Nikampa ile chai yangu, eti mgeni lazima anywe. Kaimaliza, kashukuru, koo likafunguka. Sauti ikazidi kuwa nyororo.

Kabla sijasema lolote la daktari, kasimama mbele akasema habari za jioni, ndugu zangu.

Ndipo Stanslaus, mchimbaji anayekaa benchi la nyuma tangu banda lifunguliwe, akasema, "Huyu siye. Boaz tunamjua sisi."

Ikawa vurugu. Warudishiwe kiingilio. Bi Limi akainuka akawaambia huyu kamzaa yeye, kwa uchungu, mvua ikinyesha. Mtu akamjibu kwa adabu zote, shikamoo mama, huenda na wewe wamekubadilishia. Boaz alitoa macho. Nadhani amewahi kuzomewa kwa kuigiza vibaya, lakini kwa kuwa yeye mwenyewe, hapana. Mwahija alikuwa ananitazama mimi. Mlangoni Nuruddin anachekelea.

Nikakimbilia nyuma, nikakamata kipaza sauti, nikanguruma: mimi ndiye Boaz Makoye! Boaz kashtuka nusu sekunde tu. Mwigizaji ni mwigizaji. Kifua mbele, mdomo ukaanza kufuata maneno yangu, mkono ukapanda. Banda likalipuka. Tulikwenda hivyo, mimi na yeye, na sijawahi kuwa na furaha namna ile maishani.

Furaha ikanilevya. Nikasema, kwa mazoea, "Mwangaluka, mayu."

Boaz hakujua kama inakuja. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Bi Limi aliuona umefungwa. Akageuka polepole, akanikuta mimi na kipaza sauti mdomoni. Aibu iliyonishika sitaki kuiandika.

Boaz akamwinamia akamwuliza kuna nini. Akaelezwa kwa Kisukuma, kwa kifupi. Akapiga goti mbele ya benchi na kuisema mwenyewe, bila kipaza sauti, kwa ile sauti yake nyembamba. Bi Limi akamwambia arudie. Akarudia. Wa nyuma wakalalamika kwamba hawasikii.

Nililia. Kipaza sauti kilikuwa wazi, kwikwi zangu zikasikika barabara nzima, na wateja wa Nuruddin wakatoka kuja kuona nani kafa. Mwahija akawatoza kiingilio mlangoni. Kazi yangu imepona.

Jumapili, 9 Agosti

Nimebadilika. Boaz kaondoka jana kupandia ndege Mwanza. Ametuachia filamu yake mpya kabisa, kwa sharti moja: nisimtilie tena neno mdomoni ambalo hakusema. Nikaapa mbele ya mama yake, mkono kifuani. Bi Limi yuko kwa Mwahija hadi kesho, wameivana.

Leo tumeionyesha. Sikuwa nimeitazama kwanza, sina kawaida hiyo. Boaz ni mtu anayerudi nyumbani kutoka ng'ambo akiwa amechelewa. Anaingia wodini. Mama yake keshafariki, kafunikwa shuka. Anakaa, anamshika mkono, na hasemi kitu. Muda mrefu sana hasemi kitu. Bandani hakuna aliyekohoa, na mbele yangu nilikuwa nauona mgongo wa Bi Limi, hautikisiki.

Ahadi ni ahadi. Boaz sikumtilia neno hata moja. Lakini ile shuka ilimfika yule mama wa filamu puani, midomo haionekani, na mtafsiri yeyote mwenye akili angeiona nafasi. Aliyezungumza ni marehemu. Alimwuliza mwanawe kama amekula.